Aseniki moja, majibu matatu: uchambuzi wa kisa cha masi 75

Kikombe kimoja cha udongo ulioyeyushwa kwa asidi kilipimwa aseniki kwa mashine moja, na kila namna ya kupima ikatoa jibu lake: 17.0, kisha 1.4, kisha 8.4 mikrogramu kwa lita. Jibu la kweli lilikuwa 3.1, na halikuwamo kati ya hayo matatu. Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu ya lile jibu la 8.4. Hilo lilipita kila kipimo cha ubora ambacho maabara nyingi hukitegemea, na lingetoka mlangoni likiwa limesainiwa. Namba zilizomo nimezipanga ziwe nyepesi, mtu aweze kuifuata hesabu kwa kalamu na karatasi. Fizikia yake ni ileile utakayoikuta kwenye spektrometa yoyote ya masi inayotumia plazima ya agoni (gesi yenye moto mkali inayozigeuza atomu kuwa ioni, yaani atomu zenye chaji ya umeme) na kichujio cha kwadrupoli (kinachozichagua ioni kwa masi zake).

Nusu gramu ya udongo ilichemshwa kwa mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya haidrokloriki, ikajazwa maji hadi mililita 50, kisha ikazimuliwa mara kumi. Kwa hiyo mikrogramu moja kwa lita ndani ya kikombe ni sawa na miligramu moja kwa kilo ya udongo, na hatuna haja ya kubadilisha namba njiani. Asidi ya haidrokloriki iliyobaki kikombeni ilikuwa kama asilimia 2. Mwenye sampuli aliomba aseniki, seleniamu, kadimiamu na risasi. Hakuomba neodimiamu wala samariamu, na kwa hiyo hakuna aliyezitazama. Hapo ndipo mambo yalipojificha.

Kwa nini masi 75 ni mahali pabaya

Elementi nyingi zina isotopi kadhaa, yaani atomu za elementi ileile zenye masi tofauti, na isotopi moja ikivamiwa unahamia nyingine. Aseniki haina kimbilio hilo. Katika maumbile ina isotopi moja tu, masi 75, na anayetaka kuipima moja kwa moja lazima aipime hapo hapo, penye msongamano wowote uliopo.

Msongamano unaojulikana zaidi unatoka kwenye klorini. Plazima ni agoni, na agoni karibu yote ni isotopi ya masi 40. Klorini robo tatu yake ni masi 35. Zikishikana zinaunda ioni ya molekuli yenye masi 75. Kwa usahihi zaidi, aseniki ina masi 74.9216 na hiyo agoni-klorini ina 74.9312. Zimeachana kwa 0.0096 tu. Ili uzitenganishe kwa macho ya chombo unahitaji uwezo wa utenganishi wa takriban 7,800, kazi ambayo spektrometa ya sekta ya sumaku inaiweza kwenye hali yake ya utenganishi wa juu, ikilipa kwa kupoteza sehemu kubwa ya unyeti wake. Kwadrupoli inatoa vilele vya ishara vyenye upana wa takriban 0.7 kwenye kipimo cha masi. Kwake hivyo viwili ni kilele kimoja.

Jibu la kwanza, 17.0, lilipatikana bila gesi yoyote ndani ya seli ya mgongano, chumba nitakachokieleza mbele. Hakuna aliyeliamini. Blanki ya asidi, iliyochemshwa pamoja na sampuli bila udongo, ilisoma 11.6 peke yake. Mtu anaweza kuuliza: si tutoe 11.6 kwenye 17.0, tumalize? Shida ni kwamba klorini inayobaki baada ya kuchemsha haiko sawa katika kila mrija. Mrija uliokaa sehemu yenye moto zaidi hupoteza mvuke mwingi zaidi wa asidi, na blanki ya mrija mmoja haiwezi kuusemea mwingine. Na hata ukitoa, unabaki na 5.4, ambayo nayo si kweli.

Kanuni ya marekebisho na pale ilipokwama

Jibu la pili lilitokana na kanuni ya zamani, iliyomo katika njia namba 200.8 ya Shirika la Mazingira la Marekani, EPA. Wazo lake ni zuri. Klorini ina isotopi mbili, 35 na 37, kwa uwiano unaojulikana wa karibu 3.13 kwa 1. Kwa hiyo popote palipo na agoni-klorini kwenye 75, lazima pawe na ndugu yake kwenye 77, mdogo mara 3.13 hivi. Pima 77, zidisha, toa. Ila 77 kuna seleniamu pia, kwa hiyo unaikadiria seleniamu kutoka 82 na kuiondoa kwanza. Ikiandikwa yote kwa pamoja: ishara ya 75, toa 3.127 mara (ishara ya 77, toa 0.815 mara ishara ya 82).

Kanuni hii inafanya kazi kwa sharti moja ambalo halionekani ndani ya alama zake: kwamba 77 pana agoni-klorini na seleniamu tu, na 82 pana seleniamu tu. Sharti hilo huvunjika kwa urahisi. Bromini ikiwepo, hushika haidrojeni na kukaa kwenye 82. Katika kikombe chetu lilivunjwa na kitu kingine, na jibu likawa 1.4.

Kila kitu kwenye uchambuzi huu kinategemea kulitazama hilo 1.4 kwa heshima. Ni rahisi kusema kanuni ni ya zamani, iachwe, tutumie heliamu, gesi ya seli iliyoleta lile jibu la 8.4. Lakini ona mantiki yake. Kanuni na heliamu zote mbili zinadai kuondoa klorini. Kama klorini ingekuwa tatizo pekee, zingekubaliana, au zingeachana kidogo tu. Hizi ziliachana mara sita. Na upande wa kuachana una maana: kanuni ilileta jibu dogo mno, yaani iliondoa zaidi ya kilichokuwepo, yaani kuna kitu kilichoinua 77 kisichohusiana na klorini hata kidogo. Jibu baya linaloelekea upande unaoeleweka ni ushahidi, na halistahili kutupwa.

Heliamu na vipimo vyote vilivyopita

Seli ya mgongano ni chumba kidogo kilichojaa heliamu, kilichowekwa kabla ya kwadrupoli. Ioni zote hupita humo zikigongana na atomu za gesi. Ioni ya molekuli kama agoni-klorini ni pana kuliko ioni ya atomu moja yenye masi ileile, kwa hiyo hugongwa mara nyingi zaidi na hutoka ikiwa imechoka. Mwishoni mwa seli kuna kizuizi cha umeme. Zilizochoka hazikipandi, zilizobaki na nguvu hupita. Ni njia nzuri, nyepesi, na haihitaji kujua mapema ni molekuli gani inayokusumbua.

Hapa ilifanya kazi yake barabara. Blanki ya asidi iliyokuwa ikisoma 11.6 ilishuka chini ya 0.1. Klorini kwisha. Sampuli ikasoma 8.4.

Halafu vikaja vipimo vya ubora. Sampuli ilipimwa mara mbili: 8.4 na 8.3. Iliongezwa aseniki ya mikrogramu 10 kwa lita: ikasoma 18.3, urejeshaji wa asilimia 99. Ilizimuliwa mara tano zaidi: ikasoma 1.68, ambayo ukiizidisha kwa tano ni 8.4 kamili. Udongo wa rejea wenye cheti ulisoma ndani ya mipaka yake. Kilele cha 75 chenyewe kilikuwa kizuri, chembamba, mahali pake.

Kwa nini vyote vilipita? Hebu fikiria mzani wenye jiwe lililofichwa chini ya sahani. Ukiongeza kilo moja ya mchele, mzani utapanda kilo moja sawasawa. Nyongeza inapima kama mzani unapanda inavyotakiwa. Haisemi lolote kuhusu ulianzia wapi. Uzimuaji nao haukusaidia, kwa sababu kitu kilichokuwa kikijifanya aseniki kilikuwa ndani ya sampuli yenyewe, na ukizimua sampuli unakizimua nacho kwa kiasi kilekile. Na udongo wa rejea ulikuwa udongo wa kawaida, usio na kile kilichokuwa kwenye sampuli yetu. Ulithibitisha kwamba mashine inapima vizuri udongo wa namna yake.

Hili ndilo ninalotaka lieleweke kuliko yote katika kisa hiki. Urejeshaji wa nyongeza ni kipimo kizuri cha kugundua sampuli inayozima au kuinua unyeti wa mashine. Kwa ioni ngeni inayoongezeka juu ya kilele, ni kipofu kabisa. Nimeona ripoti nyingi zikiandika "urejeshaji asilimia 99, kwa hiyo hakuna mwingiliano", na sentensi hiyo si sahihi hata siku moja.

Vilima kwenye nusu

Kilichofuata ni kuacha kuitazama 75 peke yake na kupitisha mashine taratibu kutoka masi 69 hadi 78, upana wa kilele ukiwa umepunguzwa hadi karibu 0.3. Mashine nyingi zinapimwa kwa kuruka kutoka namba nzima hadi namba nzima: 72, 73, 74, 75. Katikati hapapimwi, kwa sababu hapatarajiwi kitu. Ioni ya chaji moja haina shughuli kwenye 72.5.

Lakini kilima kilikuwepo kwenye 72.5. Kingine 71.5, kirefu zaidi. Kingine 73.5, na kingine, kifupi kidogo, 74.5, kikiwa kimejibanza karibu kabisa na mguu wa 75. Kulikuwa na vingine pia kwenye 69.5 na 70.5.

Chombo hiki hakipimi masi. Kinapima masi iliyogawanywa kwa chaji. Ioni ya masi 145 iliyopoteza elektroni mbili badala ya moja itaonekana kwenye 72.5. Hakuna ioni ya chaji moja inayoweza kukaa kwenye nusu, kwa hiyo vilima hivyo havina maelezo mengine: ni ioni za chaji mbili zenye masi witiri. Na hapa maumbile yametufanyia wema wa pekee. Masi 143 na 145 ni za neodimiamu peke yake. Masi 147 na 149 ni za samariamu peke yake. Masi 141 ni praseodimiamu, na 139 ni lanthanamu. Kila kilima kina mwenyewe mmoja tu.

Uwiano wa vilima ulithibitisha. Neodimiamu ina asilimia 12.2 ya isotopi 143 na asilimia 8.3 ya 145, yaani uwiano wa 1.47. Kilima cha 71.5 kilikuwa na mapigo (ioni zilizohesabiwa) kama 18,150 kwa sekunde, cha 72.5 kilikuwa na 12,350. Gawanya: 1.47. Samariamu ina asilimia 15.0 ya 147 na asilimia 13.8 ya 149, na vilima vya 73.5 na 74.5 vilifuata uwiano huo. Ni mara chache kwenye kazi hii ushahidi huja ukiwa safi namna hiyo, na sioni aibu kusema kwamba ni jambo la kufurahisha kulitazama.

Sasa rudi kwenye 75. Neodimiamu ina isotopi 150, asilimia 5.6 hivi. Samariamu nayo ina isotopi 150, asilimia 7.4 hivi. Gawanya 150 kwa mbili. Hao ndio waliokuwa wamekaa juu ya aseniki.

Udongo ulipopimwa elementi hizo, kikombe kilikuwa na neodimiamu mikrogramu 400 kwa lita na samariamu 80. Ulikuwa udongo wenye madini mengi ya elementi adimu za ardhi.

Kwa nini zinapoteza elektroni mbili? Elektroni ya pili ya neodimiamu inang'oka kwa nishati ya karibu eV (elektronivolti) 10.7, ya samariamu karibu 11.1. Aseniki inahitaji karibu 9.8 kupoteza elektroni yake ya kwanza. Yaani kazi ya kumnyang'anya neodimiamu elektroni ya pili haipishani sana na kazi ya kumnyang'anya aseniki ya kwanza, na agoni, yenye 15.76, inazimudu zote. Sehemu ya neodimiamu inayofikia chaji mbili ni ndogo, asilimia moja au mbili hivi, lakini asilimia mbili ya kitu kingi inaweza kuzidi aseniki chache.

Kwa nini heliamu iliongeza tatizo

Hapa pana jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Bila gesi, ioni hizi za chaji mbili zilikuwa zikiongeza 2.3 kwenye aseniki. Ndani ya heliamu ziliongeza 5.3. Zilikua zaidi ya mara mbili.

Sababu ya kwanza ni dhahiri: neodimiamu yenye chaji mbili ni atomu moja, si molekuli pana, kwa hiyo haina kile ambacho heliamu inakitumia kuchuja. Sababu ya pili ni uzito. Heliamu ina masi 4. Ikigonga uso kwa uso ioni ya aseniki yenye masi 75, inaweza kuinyang'anya hadi asilimia 19 ya nishati yake. Ikigonga neodimiamu yenye masi 150, inaweza kuchukua asilimia 10 tu. Detekta inaziona zote mbili kwenye 75, lakini ndani ya seli moja ina uzito mara mbili ya nyingine, na nzito haichoki upesi. Kizuizi cha mwisho hakifidii hilo, kwa sababu ioni ya chaji mbili hupewa na volti zilezile nishati mara mbili na kuzuiwa mara mbili. Matokeo yake, heliamu ilizichosha aseniki kuliko ilivyozichosha neodimiamu, na uwongo ukakua kwa kulinganisha na ukweli.

Sasa majibu yote matatu yanafunguka. 17.0 ni aseniki 3.1, agoni-klorini 11.6, na chaji mbili 2.3. 8.4 ni aseniki 3.1 na chaji mbili 5.3. Na lile 1.4? Samariamu ina isotopi nyingine kubwa, 154, asilimia kama 22.7. Gawanya kwa mbili: 77. Kanuni ilipoitazama 77 iliona agoni-klorini ya 3.71 na samariamu ya 1.45, ikadhani yote 5.16 ni ya klorini. Kwenye 82 kulikuwa na disprosiamu 164 yenye chaji mbili, ambayo kanuni iliiita seleniamu na kuipunguza 0.18. Ikabaki 4.98, ikazidishwa kwa 3.127, ikatoa 15.6 kwenye 17.0. Samariamu ileile iliyosaidia kuinua jibu la heliamu ndiyo iliyoshusha jibu la kanuni. Wastani wa majibu hayo mawili ungekuwa 4.9, na kuna watu wangeuandika.

Kuzitenganisha

Njia ya kwanza ni ya kuthibitisha tu. Tengeneza myeyusho safi wa neodimiamu 400 na mwingine wa samariamu 80, kwenye asidi ya nitriki bila klorini, uzipime kama aseniki ndani ya heliamu. Zilisoma 4.2 na 1.1. Jumla 5.3, na 8.4 toa 5.3 ni 3.1. Angalizo moja: myeyusho wa standadi wa elementi adimu unaweza wenyewe kuwa na chembe za aseniki, kwa hiyo usafi wake uhakikishwe kwa njia isiyosumbuliwa na chaji mbili kabla ya kuuamini.

Njia ya pili ni ya mwenye kwadrupoli moja, na ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Tumia vilima vya nusu kama mizani. Isotopi 150 ya neodimiamu ni 0.68 ya isotopi 145, na isotopi 150 ya samariamu ni 0.49 ya 147. Kwa hiyo: mapigo ya 75, toa 0.68 mara mapigo ya 72.5, toa 0.49 mara mapigo ya 73.5. Mashine yetu ndani ya heliamu ilitoa mapigo 2,000 kwa kila mikrogramu ya aseniki kwa lita. Kwenye 75 palikuwa na 16,800, kwenye 72.5 palikuwa na 12,350; kwenye 73.5 palikuwa na 4,470. Ukifanya hesabu unabaki na mapigo kama 6,200, yaani 3.1. Vigawo vyenyewe ni bora uvipime kwa myeyusho safi kwenye mashine yako kuliko kuvitoa kwenye jedwali la isotopi, kwa sababu mashine haipitishi kila masi kwa usawa kamili. Na upana wa kilele lazima upunguzwe, la sivyo 72.5 itamezwa na majirani zake wa 72 na 73.

Mpaka wa njia hii ni wa hesabu. Ukitoa 5.3 kwenye 8.4, na kila moja ina shaka ya asilimia 3, jibu la 3.1 linabeba shaka ya karibu 0.3, yaani asilimia 10. Hiyo inavumilika. Lakini kama aseniki ya kweli ingekuwa 0.3, tungekuwa tunatafuta namba ndogo kuliko shaka yake. Hapo kutoa hakufai tena, inabidi kutenganisha.

Kutenganisha kwa kweli kulifanyika kwa oksijeni. Ioni ya aseniki ikikutana na oksijeni ndani ya seli inachukua atomu moja kwa hiari na kuhamia masi 91. Agoni-klorini haifanyi hivyo. Na neodimiamu yenye chaji mbili? Hata ikichukua oksijeni na kubaki na chaji zake mbili, masi yake inakuwa 166, na ikigawanywa kwa mbili ni 83. Uzuri wake uko hapo: atomu ileile ya oksijeni inaisogeza aseniki hatua 16 na mvamizi wake hatua 8 tu. Walioketi pamoja kwenye 75 hawawezi kuketi pamoja tena.

Ila kwenye 91 kuna mwenyeji: zikoniamu, ambayo asilimia 11 yake ni isotopi 91, na udongo hauikosi. Kwa kwadrupoli moja, unahama nyumba yenye mgeni kwenda nyumba yenye mwenyewe. Ndiyo sababu mashine za kwadrupoli mbili zenye seli katikati, zilizoingia sokoni mwaka 2012, zilibadilisha kazi hii. Kwadrupoli ya kwanza inafungwa kwenye 75, kwa hiyo zikoniamu inazuiwa mlangoni kabla haijaiona seli. Ya pili inafungwa kwenye 91. Kinachofika mwisho ni kitu kilichoingia kikiwa 75 na kutoka kikiwa 91, na kwenye sampuli hii kitu hicho ni aseniki.

Kikombe kilisoma 3.1. Urejeshaji wa nyongeza ulikuwa asilimia 98, lakini sikuuhesabu kama ushahidi, kwa sababu zilizoelezwa. Ushahidi ulikuwa huu: myeyusho safi wa neodimiamu 400, uliosoma aseniki 4.2 ndani ya heliamu, ulisoma sifuri kwa oksijeni, na myeyusho wa samariamu vilevile. Hilo pia liliondoa shaka kwamba standadi zenyewe zilikuwa na aseniki. Mwenye spektrometa ya sekta angeweza kufika hapohapo kwa njia nyingine, kwani neodimiamu ya chaji mbili iko kwenye 74.9604, mbali na aseniki kiasi cha kuhitaji utenganishi wa karibu 2,000 tu. Klorini ndiyo inayomlazimisha kupanda hadi 10,000.

Mambo mawili yaliyojitokeza pembeni

La kwanza ni jerimaniamu. Wengi huiweka kama standadi ya ndani (elementi ya kiasi kinachojulikana, inayoongezwa ili kufuatilia unyeti wa mashine) ya kuisindikiza aseniki, kwa kuwa masi zao ni jirani. Kwenye sampuli ya namna hii ni hatari. Isotopi 144 ya neodimiamu, iliyo karibu robo ya elementi yote, ikiwa na chaji mbili huketi kwenye 72, juu ya jerimaniamu 72. Isotopi 148 huketi kwenye 74. Standadi ya ndani inaonekana imepanda, programu inadhani mashine imekuwa nyeti zaidi, na inaishusha aseniki. Kosa linalofidia kosa ndilo gumu kuliko yote kulikamata. Tulitumia rodiamu, masi 103.

La pili ni urekebishaji wa plazima. Kila asubuhi watu hupima seriamu: oksaidi yake kwenye 156 na chaji mbili yake kwenye 70, zote zikilinganishwa na 140. Plazima yenye joto zaidi hupunguza oksaidi na kuongeza chaji mbili. Kwa kuwa wengi wanahangaikia oksaidi, mashine hurekebishwa upande wa joto, na chaji mbili huachiwa ipande mradi haijavuka kikomo cha mtengenezaji. Kwa sampuli zenye elementi adimu nyingi mpango huo unafaa kupinduliwa: vumilia oksaidi zaidi kidogo, upate chaji mbili chache.

Utaratibu uliowekwa baada ya kisa hiki ni mfupi. Neodimiamu na samariamu hupimwa kwenye kila udongo na kila mwamba, ziwe zimeombwa au hazikuombwa. Muda wake ni sekunde chache kwa sampuli. Neodimiamu huzidishwa kwa 0.0105 na samariamu kwa 0.0138, vigawo vilivyotokana na miyeyusho safi ndani ya heliamu kwenye mashine hii, na jumla yake ni aseniki ya uwongo inayotarajiwa. Ikiwa chini ya asilimia 5 ya aseniki iliyosomwa, jibu la heliamu linatoka. Ikizidi, kikombe kinarudi kwenye oksijeni. Seleniamu nayo hupimwa upya hapo hapo, kutoka 78 kwenda 94, kwa sababu gadoliniamu 156 yenye chaji mbili huketi kwenye 78 kama vile neodimiamu ilivyoketi kwenye 75, na udongo wenye moja huwa una nyingine.